KOMPRESA KWA FUNDI WA RUMONGE: PIMA UPEPO, USIPIME TANGI

Msafiri atokaye Bujumbura kuelekea kusini kwa barabara ya taifa namba 3, ziwa likiwa mkono wake wa kulia na milima mkono wa kushoto, husafiri kilomita 70 na ushei kabla ya kuingia Rumonge. Njia nzima hupishana na riziki ya pwani hii ikiwa juu ya magurudumu: ndagala na mukeke katika makapu nyuma ya pikipiki, madumu ya mawese yaliyofungwa kwa kamba juu ya baiskeli hata mwendeshaji haonekani, na malori yaliyobeba shehena ya mji mzima. Yote hayo hutembea juu ya mipira, na mpira hautembei pasipo upepo. Ndiyo sababu katika kila kituo cha barabara hiyo, karibu na soko na karibu na gati la wavuvi, hakosekani fundi aliyeketi kando ya beseni la maji akitafuta tundu la pancha.

Wengi wa mafundi hao hufanya kazi uani mwa nyumba zao. Mmoja ameanza na pampu ya mguu, mwingine ameazima mashine ya jirani, na wote wana shauku moja: kununua mashine ya kushindilia upepo, ile ambayo mafundi wetu huiita kompresa. Si shauku ya ajabu. Mhunzi wa zamani wa nchi hii hakuweza kufua jembe pasipo mivukuto ya kupuliza moto wa tanuri lake, na kompresa ni mjukuu wa mivukuto ile. Lakini mivukuto mhunzi aliiunda kwa mikono yake, akaujua uwezo wake tangu siku ya kwanza. Kompresa hununuliwa dukani, kwa akiba ya miaka miwili au mitatu, pengine kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, na uwezo wake umeandikwa juu ya karatasi inayong'aa ambayo haisemi kila kitu. Fundi akichagua vibaya, deni hubaki na kazi haifanyiki. Na akichagua vibaya zaidi, kama tutakavyoona mbele, anaweza kuwa ameweka bomu uani mahali wanapocheza watoto wake.

Basi tuanze na karatasi hiyo. Juu ya mashine nyingi za dukani huandikwa mambo matatu kwa herufi kubwa: ukubwa wa tangi kwa lita, nguvu za farasi za mota, na mgandamizo wa juu kabisa kwa kipimo cha bari, ambapo bari moja ni sawa na paundi 14.5 kwa inchi ya mraba. Mnunuzi wetu, akiona tangi kubwa jekundu, husadiki kwamba ameona mashine kubwa. Hapa ndipo kosa huanzia. Tangi halitengenezi upepo hata chembe. Afisa yeyote aliyepitia chuo cha makada wa jeshi anajua tofauti iliyopo kati ya risasi zilizomo katika mkoba wa askari na risasi ziletwazo kila siku na lori la ugavi. Tangi ni mkoba. Lori la ugavi ni pampu, yaani kile kichwa cha chuma chenye mapezi ya kupoza, na kipimo chake ni lita za upepo inazozitoa kwa dakika moja. Hicho ndicho kipimo ambacho mnunuzi yampasa kukiuliza kabla ya kingine chochote.

Nacho pia kina hila yake. Watengenezaji wengi huandika lita ambazo pistoni inazivuta, siyo lita zinazotoka upande wa pili. Kati ya kuvuta na kutoa kuna upotevu: upepo unaobaki juu ya pistoni, unaovuja kando ya pete zake, na joto linaloutanua upepo kabla haujaingia. Katika mashine ndogo za pistoni, kinachotoka kwa mgandamizo wa kazi huwa ni kama thuluthi mbili tu ya kile kilichoandikwa, na mara nyingine hakifiki hata hapo. Mashine iliyoandikwa lita 200 kwa dakika, ndugu msomaji, ihesabu kuwa ya lita 120 au 130, nawe hutadanganyika.

Sasa tuulize kazi zenyewe za Rumonge zinataka lita ngapi. Hesabu ni nyepesi: zidisha nafasi iliyomo ndani ya mpira kwa bari unazotaka, utapata lita za upepo wa kawaida zinazohitajika. Mpira wa baiskeli una nafasi ya lita 2 hivi; kwa bari 3 unataka lita 6, nayo ni kazi ya sekunde chache kwa mashine yoyote ile. Pikipiki itataka lita 20 au chini yake. Gari dogo, lenye mpira wa nafasi ya lita 30 kwa bari 2 na kitu, litataka lita 70 hivi. Hadi hapo mashine ndogo ya nguvu farasi moja na nusu, yenye tangi la lita 25 au 50, inatosha kabisa, na fundi wa pikipiki anayejitwisha deni kwa mashine kubwa kuliko hiyo ananunua fahari.

Lori ni jambo jingine. Mpira wake una nafasi ya zaidi ya lita 100, nao hutaka bari 7 au 8. Kwa hiyo mpira mmoja uliolala chini hunywa lita 800 au zaidi. Kwa mashine itoayo lita 100 kwa dakika, hiyo ni kazi ya dakika nane au tisa pasipo kupumzika, na dereva amesimama pale akitazama saa. Tena ieleweke kwamba mashine ambayo mwisho wake ni bari 8 haiwezi kuujaza vizuri mpira unaotaka bari 8. Kadiri mgandamizo wa tangi unavyokaribia ule wa mpira ndivyo upepo unavyopita polepole, mpaka unakoma. Anayetaka wateja wa malori na atafute mashine ifikayo bari 10 au zaidi, na iliyo bora ni ile yenye silinda mbili zisizolingana, ambapo silinda kubwa hushindilia kwanza kisha ndogo hupokea na kushindilia mara ya pili.

Lakini mlafi wa upepo kuliko wote ni bastola ya kupulizia rangi. Mpira ukishajaa umejaa. Bastola hunywa mfululizo kwa muda wote ambao kidole kimekaa juu ya kifyatulio. Bastola ya kawaida ya kupaka gari hutumia lita 200 hadi 350 kwa dakika, kutegemea aina yake. Tuchukue fundi mwenye tangi la lita 50 lililojaa bari 8, naye bastola yake haifanyi kazi vizuri chini ya bari 6. Akiba aliyonayo ni lita 50 mara tofauti ya bari 2, yaani lita 100. Kwa bastola ya lita 300 kwa dakika, akiba hiyo ni ya sekunde 20! Baada ya sekunde hizo anategemea pampu peke yake, na pampu ikitoa lita 120, rangi huanza kutoka matone matone, mlango wa gari ukawa na ngozi kama ya chungwa. Atalaumu rangi, atamlaumu aliyemuuzia kichanganyio, ilhali rangi haina kosa. Tangi la lita 100 lingemwongezea sekunde 20 nyingine tu. Alichokuwa akikihitaji ni pampu.

Kwa seremala wa vitanda na makabati, au fundi wa mitumbwi anayepaka mbao za chombo cha kuvulia, kuna njia ya unafuu. Bastola ndogo ya kurekebishia rangi hutumia lita 100 hivi kwa dakika, nayo inaweza kuendeshwa na mashine ya nguvu farasi 2 kwa kazi ya vipande vipande. Kazi itachukua muda mrefu zaidi, lakini itakuwa safi. Tena brashi bado haijafutwa duniani, na ubavu wa mtumbwi unapokea rangi ya brashi bila kinyongo.

Swali linalofuata ni namna gani mnunuzi atajua lita za kweli za mashine iliyo mbele yake. Jawabu ni kwamba aende dukani na saa. Amwombe muuzaji aiwashe mashine, afunge bomba la kutolea, aache mgandamizo upande, kisha atazame geji. Mshale ukigusa bari 5 aanze kuhesabu. Ukigusa bari 7 asimamishe hesabu. Azidishe lita za tangi kwa 2, ambazo ndizo bari zilizoongezeka, kisha agawanye kwa dakika zilizopita. Kwa mfano, tangi la lita 100 lililochukua dakika moja na nusu kutoka 5 hadi 7 limepokea lita 200, yaani lita 133 kwa dakika. Ikiwa karatasi yasema 250, basi mnunuzi amekwisha kupata neno la kuanzia mazungumzo ya bei. Asikubali kupimiwa kuanzia sifuri, kwa kuwa tangi likiwa tupu kila pampu ni hodari. Uhodari wa kweli huonekana pale upepo unapoanza kusukuma pistoni kurudi nyuma. Muuzaji akikataa mashine isiwashwe, hilo nalo ni jibu.

Jaribio hilo lina faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Uso wa ziwa letu uko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Upepo wa hapa ni mwepesi kuliko ule wa Dar es Salaam au Mombasa: mgandamizo wake wa kawaida ni kama asilimia 91 ya ule wa pwani ya bahari. Pistoni inapovuta pumzi moja hapa, inapata chakula pungufu kwa kiasi cha moja ya kumi na moja. Mashine iliyopimwa kiwandani kando ya bahari haitatoa Rumonge kile ilichotoa huko, hata kama mtengenezaji ni mwaminifu. Aliyeipima kwa saa akiwa Bujumbura amekwisha kulihesabu pungufu hilo, maana Bujumbura na Rumonge ziko kando ya ziwa moja. Ila fundi atakayeipandisha mashine hiyo kwenye milima ya Bururi inayopita mita 2,000 ajue kwamba huko pungufu hukaribia moja ya tano.

Tuje sasa kwenye kinachoizungusha pampu, yaani umeme au petroli. Mpaka miaka michache iliyopita fundi aliye mbali na waya wa umeme hakuwa na haja ya kufikiri sana: angenunua mashine ya injini. Uhaba wa mafuta ulioisumbua nchi, hasa katika miaka ya 2024 na 2025, umebadilisha hesabu hiyo. Mashine ya petroli isiyo na petroli ni kiti cha chuma. Aidha injini hiyo nayo huvuta upepo ule ule mwepesi, ikapoteza sehemu ya nguvu zake, na moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoua katika chumba kilichofungwa. Penye umeme, hata ule unaokatika, rai yangu ni umeme: tangi lililojazwa kabla ya kukatika bado litawahudumia waendesha baiskeli na pikipiki kadhaa, na kazi ya rangi inaweza kungoja. Injini ibaki kwa yule ambaye kweli hana waya, au anayefuata wateja wake kijiji kwa kijiji.

Anayechagua umeme ana mambo ya kukagua. Umeme wa nyumbani hapa ni wa volti 220 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine zilizotumika ziletwazo kutoka ng'ambo huweza kuwa zimeundwa kwa mizunguko 60, kama ile ya Marekani. Mota ya namna hiyo ikifungwa hapa huzunguka pole kwa moja ya sita na kuchemka. Kibati cha maelezo kilichopigiliwa kwenye mota ndicho kinachosema kweli, wala si maneno ya mchuuzi. Kibati kikiwa kimeng'olewa, mashine iachwe.

Kadhalika mota ya nguvu farasi 2 hutumia ampea 9 au 10 ikiwa kazini, lakini katika kufumba na kufumbua kwa kuwashwa hudai mara tano au sita ya kiasi hicho. Waya mwembamba wa mita 30 ulioburutwa kutoka sebuleni hauwezi kupitisha dai hilo. Volti hushuka, mota hunguruma pasipo kuzunguka, na baada ya siku chache harufu ya kuungua hutangaza msiba. Dawa yake ni rahisi na wengi huifanya kinyume: mashine ikae karibu na soketi, waya uwe mfupi na mnene, na kinachorefushwa kiwe mpira wa kupitishia upepo. Kwa sababu hiyo hiyo ya dai la kuwasha, anayefikiria kuendesha kompresa kwa jenereta asidhani kwamba kilowati moja na nusu za mota zinatoshwa na jenereta ya kilowati mbili. Atahitaji ya nne au tano.

Sikiliza pia mashine inapojizima baada ya kujaa. Ni lazima itoe mlio mfupi wa pumzi, pssss, kisha kimya. Mlio huo ni wa upepo uliobaki juu ya pistoni ukiachiliwa, ili mota itakapowaka tena isianze kwa kusukuma mzigo. Mashine isiyotoa pumzi hiyo ina vali mbovu, na mota yake haitaishi muda mrefu. Kwa masikio tu, pasipo kifaa chochote, mnunuzi amekagua kiungo ambacho kingemgharimu mota nzima.

Kuhusu umbo la pampu, ziko zile ambazo mota na pampu vimeunganishwa moja kwa moja, nazo huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, na ziko zile zinazoendeshwa kwa mkanda, ambapo pampu huzunguka kwa utulivu, yapata theluthi moja ya mwendo huo. Za kwanza ni nyepesi na rahisi. Kelele zake ni za kuwakosesha usingizi watoto wa nyumba tatu. Za pili ni nzito, ghali, na huishi. Kwa mtu wa kazi ya kila siku sioni sababu ya kusitasita: mkanda, tena pampu yenye kutumia mafuta, maana ile isiyo na mafuta ni nyepesi na safi lakini pete zake hulika upesi na vipuri vyake havipatikani kwa urahisi. Mafuta yenyewe yawe ya kompresa. Mawese ni fahari ya Rumonge, ila mahali pake ni chunguni na kwenye sabuni.

Na wale wanaofungua mashine ya friji iliyokufa wakaifanya kompresa? Ni werevu wa kusifiwa, nayo ni kimya ajabu. Itajaza baiskeli. Lakini hutoa lita chache sana kwa dakika na hutema mafuta yake pamoja na upepo, kwa hiyo kwa rangi haifai, na isiachwe ikitembea kutwa. Hatari zaidi ni tangi ambalo watu hulifunga pamoja nayo.

Hapa naomba msomaji asiruke mistari. Tangi la lita 100 lenye bari 8 limebeba nishati inayotosha kulinyanyua gari la tani moja hadi urefu wa mita 10 hivi. Nishati hiyo ikitoka kidogo kidogo kupitia mpira wa upepo hujaza magurudumu. Ikitoka kwa mara moja kupitia mshono uliopasuka, hubomoa ukuta. Na adui wa mshono ni maji. Upepo wa kando ya ziwa una unyevu mwingi. Unaposhindiliwa na kisha kupoa, unyevu hugeuka maji na kutua chini ya tangi. Mashine itoayo lita 100 kwa dakika, ikifanya kazi saa tatu katika siku ya kawaida ya joto la Rumonge, huacha zaidi ya robo lita ya maji ndani ya tangi lake. Maji hayo hayaonekani. Kutu hula chuma kutoka ndani, huku rangi nyekundu ya nje ikiendelea kung'aa kama siku ya harusi.

Ndiyo maana chini ya kila tangi kuna kizibo, nacho kifunguliwe kila jioni mpaka maji yaishe. Kazi ni ya nusu dakika. Katika ununuzi wa mashine iliyotumika, kizibo hicho ndicho shahidi wa kwanza: kifungue mbele ya muuzaji. Yakitoka maji machache masafi, mwenyewe alikuwa mtu wa utaratibu. Ukitoka uji wa kutu, maliza salamu na uende zako. Gongagonga sehemu ya chini kwa kipande cha chuma, tangi likiwa tupu, ukisikiliza mahali sauti inapobadilika. Tafuta alama za kuchomelea. Tangi la upepo lililotoboka halizibwi kwa kuchomelea kiraka, hata na fundi hodari wa kuchomelea aliyepo Buyenzi, kwa sababu chuma kinachozunguka tundu hilo nacho kimekwisha kuwa chembamba kama karatasi. Tundu moja lililoonekana ni mjumbe wa mengine.

Mwenye shaka na tangi lake anaweza kulipimisha kwa maji. Tangi hujazwa maji pomoni, pasibaki upepo, kisha pampu ya mkono husukuma mgandamizo mpaka mara moja na nusu ya ule wa kazi. Maji hayashindiliki kama upepo. Tangi likikosa nguvu litapasuka na kulowanisha sakafu tu, hakuna atakayeumia. Kipimo hiki ni cha karakana yenye pampu ya namna hiyo na mtu anayejua kuisoma. Lakini vali ya usalama, ile yenye kijipete juu ya tangi, kila mwenye mashine aweza kuipima mwenyewe kwa kuivuta mara moja kwa juma: ikitoa upepo na kufunga tena, ni nzima. Nimewahi kuona vali hiyo imefungwa kwa kizibo cha bolti ili isivuje. Afadhali mtu aondoe breki za lori ili lisipige kelele.

Liko pia neno moja kwa vijana wa ziwani. Pwani hii imejulikana ulimwenguni kwa samaki wa mapambo, biashara aliyoianzisha hapa Mbelgiji Pierre Brichard mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wapo samaki wa ziwa hili wanaobeba jina lake katika vitabu vya wataalamu. Wazamiaji wa kazi hiyo hupumua upepo ulioshindiliwa na mashine maalumu, zenye vichujio na mafuta ya aina yake. Kompresa ya kujazia mipira siyo mashine hiyo. Upepo wake una mvuke wa mafuta, vumbi la kutu, na kama iko karibu na injini, moshi wenye sumu. Pasiwe na kijana atakayetia bomba lake mdomoni na kushuka nalo majini kutafuta nyavu zilizonasa.

Mahali pa kuiweka mashine pia ni sehemu ya kuichagua. Mwaka 2021 na tena 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika mitaa ya ufukweni mwa Rumonge, na mota iliyolala majini usiku mmoja haina dawa ila kusukwa waya upya. Kwa karakana iliyo karibu na ufuko, chagua mashine ambayo watu wawili waweza kuinyanyua, au ijengewe jukwaa la matofali tangu mwanzo. Isikae mahali panapopulizwa rangi wala panaporandwa mbao: vumbi la mbao huziba kichujio cha kuvutia upepo, na mvuke wa rangi ukikutana na cheche ya swichi hulipuka. Bomba za plastiki za maji zisitumiwe kusambazia upepo ukutani, kwa kuwa zikipasuka hurusha vipande vikali kama vigae. Chuma au mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo ndivyo vifaavyo.

Kwa hiyo fundi mwenye akiba ya kutosha mashine moja tu, na aigawe fedha yake hivi: pampu kwanza, mota ya pili, na tangi liwe la mwisho, kwani tangi la pili laweza kuunganishwa baadaye pindi wateja wakiongezeka, lakini pampu ndogo haiwi kubwa. Abakishe kiasi cha kununulia mpira mzuri wa upepo, kichujio cha maji kwa ajili ya rangi, na geji ya mkononi ya kupimia mipira, maana geji iliyo juu ya mashine huonyesha mgandamizo wa tangi, haionyeshi wa mpira wa mteja.

Mashine ikifika nyumbani, isifungwe bomba na kujazwa siku hiyo hiyo kwa pupa. Atazame kwanza kioo cha mafuta, maana mashine nyingi husafirishwa zikiwa tupu na mafuta huja katika chupa ya pembeni. Kisha aiache itembee kwa nusu saa kizibo cha chini kikiwa wazi, ili pete za pistoni zipate kuzoeana na silinda bila mzigo. Mafuta hayo ya kwanza yamwagwe baada ya saa 50 za kazi, yakiwa na unga mwembamba wa chuma unaometa, na yatiwe mapya.